Maswali ya Wasomaji: Gari la Umeme la Familia Lililokwisha Kutumika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Ruiru, katika nyumba ya kupanga yenye ua wake na mita yake ya tokeni. Tuna watoto wawili, na mama mkwe hukaa nasi. Siku za kazi tunaendesha kilomita kama 60 kwenda Upper Hill na kurudi, na likizo zikifika tunakwenda Kisumu. Katika yadi moja tumeonyeshwa Kia e-Niro ya 2019 iliyoletwa kutoka Uingereza, yenye betri ya uniti 64. Muuzaji anasema kwamba dashibodi inaonyesha maili 270, yaani karibu kilomita 435, ikiwa imejaa chaji, na kwa hiyo betri ni kama mpya. Fundi wetu, ambaye ametutengenezea magari ya petroli kwa miaka mingi, anatushauri tuachane nalo kabisa. Tumsikilize nani?
Mama wa Wawili, Ruiru

JIBU: Mama, muuzaji amewaonyesha namba isiyothibitisha anachokisema, na fundi wenu anaogopa kitu ambacho kinaweza kupimwa. Anayenunua gari la umeme lililotumika ananunua betri na mahali pa kuichajia kwanza, kisha ndipo anunue viti, rangi na redio. Nawaombeni msilipe hata amana kabla mambo hayo mawili hayajajulikana kwa vipimo.

Tuanze na hizo maili 270. Umbali unaoonekana kwenye dashibodi ni makadirio, na kompyuta ya gari huyapata kwa kutazama jinsi gari lilivyoendeshwa siku za karibuni. Gari lililokuwa likisogezwa taratibu ndani ya yadi laweza kuonyesha maili nyingi ilhali betri yake imechoka, na gari lenye betri nzuri lililotoka kukimbizwa kwenye barabara kuu huonyesha chache. Kwa kulinganisha, gari hilo lilipokuwa jipya kipimo rasmi cha Ulaya kiitwacho WLTP kililipatia kilomita 455 kwa chaji moja. Namba ya muuzaji imekaribia hapo, lakini kukaribia kwake hakutuambii betri imebaki na ujazo gani.

Kipimo ninachokiamini ni cha kuliendesha gari lenyewe, na mnaweza kukifanya bila mashine yoyote. Mwombeni muuzaji alichaji hadi asilimia 90, rudisheni kipima safari kwenye sifuri, kisha mwendeshe kwa mwendo wa kawaida hadi Sagana na kurudi mlipoanzia, muuzaji akiwa nanyi ndani ya gari ikiwa ana wasiwasi. Ni muhimu kurudi palepale, kwa sababu milima mliyopanda na mliyoshuka itafutana. Gari la Uingereza huandika umbali kwa maili na matumizi kwa maili kwa kila uniti, na uniti hiyo ni kilowati-saa, ileile mnayonunua kwa tokeni. Tuseme mmerudi chaji ikiwa asilimia 50, mmetembea maili 99, na wastani ni 4.3. Gawanyeni 99 kwa 4.3 mpate uniti 23, ambazo ndizo zilizotumika katika asilimia 40 ya betri. Gawanyeni 23 kwa 0.4, na jibu ni uniti 57 na nusu: huo ndio ujazo uliobaki kati ya zile 64 za mwanzo. Hesabu hii inaweza kukosea kidogo, kwa kuwa asilimia za dashibodi hukatwa kuwa namba kamili, lakini kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo kosa linavyopungua. Mzunguko wa dakika kumi kuizunguka yadi hauwaambii lolote.

Je, 57 ni nyingi au ni chache? Kampuni ya Geotab, ambayo hukusanya taarifa za magari ya makampuni kupitia vifaa vyake, ilichapisha mwaka 2024 uchambuzi uliokadiria kwamba betri za magari ya umeme hupoteza kwa wastani asilimia 1.8 ya ujazo kwa mwaka. Kwa wastani huo, betri ya uniti 64 ingebaki na karibu 57 baada ya miaka 6, kwa hiyo jibu la mfano wetu ni la betri iliyozeeka kwa heshima. Mimi nikipata chini ya 54 ningedai bei ishuke sana, na chini ya 50 ningeliacha gari hilo hata kama rangi yake inang'aa.

Kuna pia njia ya kusoma kompyuta ya gari kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Kitumieni, lakini msikikubali peke yake. Katika magari ya Kia na Hyundai ya aina hii, ile asilimia inayoitwa afya ya betri mara nyingi husimama kwenye 100 kwa miaka mingi, kwa sababu mtengenezaji ameacha akiba ya ujazo ambayo dereva haioni, na wauzaji wengine hupiga picha ya namba hiyo na kuitangaza. Kitu cha kutazama zaidi katika kifaa hicho ni voltiji za seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri. Betri ya uniti 64 ina makundi 98 ya seli yaliyounganishwa kwa mfuatano, na voltiji ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya makundi hayo zinapaswa kukaribiana sana. Tazameni mara ya pili chaji ikiwa imeshuka, kwa mfano asilimia 20, kwa sababu ugonjwa wa seli hujificha betri ikiwa imejaa. Kundi moja likianguka peke yake huku mengine yakiwa sawa, muulizeni muuzaji nani atalitengeneza na kwa fedha za nani.

Sasa nyumba yenu. Kilomita 60 kwa siku zitakula uniti 9 au 10, na kwa sababu soketi za Kenya ni zilezile za Uingereza zenye meno matatu ya bapa, kebo ya kuchajia nyumbani iliyokuja na gari itaingia ukutani bila adapta. Kebo hiyo kwa kawaida huvuta ampea 10, yaani uniti 2 na kidogo kwa saa, kwa hiyo matumizi ya siku nzima yatarudi kwa saa tano hivi mkiwa mmelala. Wengi huambiwa kwamba bila chaja kubwa ya ukutani gari la umeme halifai. Kwa mwendo wenu si kweli. Kilicho kweli ni kwamba soketi inayopitisha ampea 10 kwa saa tano kila usiku lazima iwe nzima. Mleteni fundi wa umeme mwenye leseni aikague ethi, atengeneze laini ya peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme hadi mahali pa kuegesha, na aweke soketi mpya iliyokazwa vizuri. Usiku wa kwanza, baada ya saa moja ya kuchaji, iguseni plagi. Ikiwa vuguvugu si tatizo, ikiwa ya moto hata mkono unajivuta, zimeni na mwiteni fundi. Msitumie kebo ya kurefushia ya aina ile ya kuwekea televisheni. Na kwa kuwa mmepanga, mpate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kununua gari, kwa sababu akikataa baadaye mtakuwa na gari lisilo na mahali pa kulala.

Gharama mtaijua kwa tokeni yenu ya mwisho: gawanyeni shilingi mlizolipa kwa uniti mlizopewa, kisha zidisheni kwa 10. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, ya shilingi 16 kwa uniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Ulizeni ofisi ya Kenya Power iliyo karibu bei iliyopo sasa na masharti ya mita.

Kisumu inataka mipango zaidi. Mkiwa watu watano na mizigo, kadirieni uniti 16 kwa kila kilomita 100 kwa mwendo usiozidi 90, na betri ya uniti 57 itawapa kama kilomita 350 hadi ikauke kabisa, jambo ambalo hamtaki litokee. Kutoka Ruiru safari ni ndefu kuliko hapo. Kwa hiyo kuna kusimama mara moja, na mahali pa kufikiria kwanza ni Nakuru. Gari lenu lina tundu la kuchaji haraka la aina ya CCS2, na kwa chaja kubwa linatoka asilimia 10 hadi 80 kwa karibu saa moja, muda ambao watoto wanahitaji kula hata hivyo. Kituo kipigiwe simu siku ya kuondoka, si kutazamwa kwenye ramani tu. Wakati wa kurudi kumbukeni kwamba Kisumu iko kwenye mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na Mau Summit iko juu ya mita 2,400: kuliinua gari lenye watu, uzito wa zaidi ya tani mbili, hadi kimo hicho peke yake hula uniti 7 au 8 juu ya matumizi ya kawaida. Sehemu ya uniti hizo hurudi mnaposhuka kuelekea Nakuru, kwa sababu mota hugeuka jenereta na kulipunguza mwendo gari bila breki kuchoka, lakini hazirudi zote, na hazirudi mapema. Ondokeni Kisumu na chaji kamili.

Karatasi za gari la Uingereza zina faida moja ambayo wanunuzi wetu hawaitumii vya kutosha. Kwa namba ya usajili wa kule, mtu yeyote anaweza kuona bure kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka, uitwao MOT, pamoja na maili zilizoandikwa siku ya ukaguzi. Gari huanza kukaguliwa likitimiza miaka 3, kwa hiyo gari la 2019 lililokaa huko hadi 2023 au zaidi lina rekodi. Mkataeni muuzaji asiyetaka kuwapa namba hiyo. Ulizeni pia kama gari liliwahi kufutwa na kampuni ya bima baada ya kuharibika: alama ya S huko humaanisha kwamba muundo wa gari uliumia, na N kwamba uharibifu haukugusa muundo. Cheti cha ukaguzi kinachotakiwa kabla gari halijasafirishwa kuja Kenya ni cha lazima na kina maana yake, lakini kinahusu usalama wa gari barabarani. Msikichukue kuwa cheti cha betri. Dhamana ya Kia ya miaka 7 ilitolewa kwa soko la kule, na ikiwa muuzaji anasema bado inafanya kazi hapa, aandike na wakala wa Kia wa hapa athibitishe.

Mkiliinua gari, tazameni uvungu wake kwa makini kuliko mlivyozoea, kwa sababu betri yote imelala chini ya sakafu. Gari hili lina nafasi ya milimita 155 tu kutoka chini, na matuta ya mitaa yetu yanajulikana. Mikwaruzo myepesi kwenye kinga ya chini ni kawaida, lakini mbonyeo kwenye kasha la betri ni sababu ya kuondoka. Sikilizeni mlio wa kugongagonga mnapoondoka polepole, kwa kuwa baadhi ya wamiliki wa Niro na wa ndugu yake, Hyundai Kona, za miaka ya kwanza wamelalamikia mlio huo unaotoka kwenye gia za mota. Ile betri ndogo ya volti 12 ibadilisheni mapema, kwani gari lililokaa melini na yadini miezi kadhaa huwa limeiua, na ikifa gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa.

Fundi wenu msimwache. Tairi, shokomzoba, breki, usukani na kiyoyozi vyote ni kazi anayoijua. Mwombeni tu asiguse nyaya nene za rangi ya chungwa, ambazo hubeba zaidi ya volti 350 na huua, wala asiongeze maji ya bomba kwenye mfumo wa kupoza betri. Kwa kazi hizo tafuteni mtu aliyefunzwa, na mjue anapopatikana kabla hamjanunua.

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Hapa Mombasa nimepata Hyundai Kona Electric ya 2019, bei yake ni nafuu kuliko Niro. Jamaa zangu wananiambia magari hayo yalikuwa yakiwaka moto. Je, ni kweli, na je, joto la pwani litaimaliza betri?
Baba Salma, Mombasa

JIBU: Waalaikum salaam, Baba Salma. Jamaa zako hawakuzua. Baada ya matukio kadhaa ya moto, Hyundai ilitangaza Februari 2021 kwamba itabadilisha betri za magari karibu 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, ambayo seli zake zilitengenezwa na LG katika kiwanda cha Nanjing, Uchina. Si kila Kona ya 2019 ilikuwa na seli hizo, kwa hiyo swali lako kwa muuzaji ni moja: namba ya chesisi ya gari hili ilihusika katika wito huo wa kubadilisha betri, na kama ilihusika, betri ilibadilishwa lini? Jibu litoke kwa wakala wa Hyundai kwa maandishi, kwa sababu neno la mdomo halitoshi katika jambo la moto unaoegeshwa chini ya chumba cha watoto. Chaji gari hadi mwisho pia. Kabla ya kubadilishiwa betri wamiliki walishauriwa wasivuke asilimia 90, na baadhi ya magari yaliwekewa programu ya kuyazuia; gari linalokataa kujaa linastahili maelezo. Betri ikiwa ilibadilishwa kweli, basi umepata gari la 2019 lenye betri changa kuliko mwili wake, na hiyo ni bahati.

Kuhusu joto, Kona hupoza betri yake kwa maji, jambo linaloisaidia sana. Betri huumia zaidi ikikaa imejaa pomoni kwenye joto kali kwa siku nyingi, kwa hiyo weka kikomo cha chaji kwenye asilimia 80 kwa siku za kawaida na ujaze siku ya safari. Egesha kivulini. Kagua kutu kwenye boliti za chini, maana gari la Uingereza limekwisha kula chumvi ya barabarani wakati wa baridi na sasa linakuja kula ya bahari. Na kabla ya yote, wapeleke watoto wakakae kiti cha nyuma. Buti ya Kona ni lita 332 dhidi ya 451 za e-Niro, na kama Salma na ndugu zake wamekwisha kurefuka, tofauti ya bei inaweza kuwa inalipia miguu yao.

SWALI: Nipo Dar es Salaam na nataka kuagiza gari la umeme Japani kama tulivyozoea kuagiza mengine. Nimeona Nissan Leaf za 2018 kwa bei nzuri, na Nissan Ariya kwa bei ya juu. Je, nitaweza kuchaji nyumbani kwa umeme wa LUKU?
Msomaji wa Tabata

JIBU: Kaka, utaweza, lakini plagi ndizo zitakazokusumbua. Magari ya soko la Japani hutumia CHAdeMO kwa kuchaji haraka na tundu la Aina ya 1 kwa kuchaji polepole, wakati yale ya Ulaya hutumia CCS2 na Aina ya 2. Kabla ya kuagiza, pita kwenye vituo utakavyovitegemea na utazame kwa macho yako ni mdomo gani unaoning'inia pale. Nyumbani utahitaji kebo ya Aina ya 1 iliyotengenezwa kwa volti 230 hadi 240. Umeme wa ukutani Japani ni wa volti 100, na kebo nyingine zinazokuja na gari zimetengenezwa kwa volti hizo tu. Soma kibandiko kwenye kisanduku cha kebo, na kama kimeandikwa 100 pekee, usiichomeke kwenye soketi ya TANESCO hata kwa kujaribu.

Leaf ni gari jema la mjini, lakini si krosova, yaani gari la familia lililoinuka kidogo, na betri yake haina upozaji wa maji, hivyo katika joto la Dar huchoka upesi kuliko zile nilizozitaja juu. Pembeni mwa kipimo chake cha chaji kuna vijisanduku 12 vya ujazo wa betri. Mwombe muuzaji wa Japani picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, uvihesabu. Kikiwa kimepotea hata kimoja, betri imekwisha kupungua kwa kiasi cha kuhisiwa, na gari la 2018 lenye uniti 40 halina akiba kubwa ya kupoteza. Ariya ni krosova kamili na betri yake hupozwa kwa maji. Bajeti yako ikiwa haifiki huko, ningekushauri usubiri kuliko kuibebesha Leaf familia na safari za Morogoro.

SWALI: Betri ikifa kabisa baada ya kununua, je, gari limekuwa chuma chakavu?
M. K., Nakuru

JIBU: Mara chache betri hufa yote kwa pamoja. Kinachotokea zaidi ni moduli moja, yaani fungu moja la seli za betri, kudhoofika na kulifanya gari zima likatae kujaa au kuzima ghafla chaji ikiwa bado inaonekana ipo, na moduli inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine na fundi aliyefunzwa. Ugumu ni kumpata fundi huyo na kupata moduli inayolingana na wenzake. Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizia katika karakana unayoiamini kama wamewahi kufungua betri ya modeli hiyo hiyo, uombe kuonyeshwa kazi waliyoifanya, na uiulize kampuni yako ya bima kama itafidia betri iliyogongwa chini na jiwe au iliyoingiwa na maji ya mafuriko. Majibu yote mawili uyapate kwa maandishi kabla hujatoa amana.